Kioko na Nafula: shajara ya msimu wa kwanza

Jumanne, 4 Februari

Kituo cha televisheni kimekubali tamthilia yetu ya mapenzi. Tumepewa nafasi ya saa moja unusu jioni, sehemu 13 za dakika 24 kila moja, na ukurasa mmoja wa maagizo. Ukurasa wenyewe unataka kijana tajiri wa Runda, msichana wa mtaani, mama mkwe mkali na siri. Hayo tumeyaona, kwanza kwenye tamthilia za Meksiko na Ufilipino zilizotukalisha sebuleni miaka nenda miaka rudi, kisha kwenye zetu wenyewe zilizofuata nyayo hizo. Sizidharau. Mama yangu aliunguza sufuria nyingi za maharagwe kwa ajili yake. Lakini tajiri ana kasoro moja ya kiufundi: shida zake nyingi hulipiwa zikaisha kabla ya tangazo la kwanza. Tumemtoa. Siri tumeibakiza. Mama mkwe tumemweka kando, tutamrudia.

Waliobaki mezani jioni hii ni wawili.

Nafula, miaka 31, mzaliwa wa Kimilili, karani wa sacco ya matatu za Buruburu. Ndiye anayepokea hesabu ya jioni kutoka kwa makanga, na ndiye anayetumwa kununua balbu, breki pedi na vioo.

Kioko, miaka 38, mtu wa Kathiani, muuza vipuri Kirinyaga Road, kule ambako watu hawajaacha kukuita Grogan. Amefiwa na mke. Ana binti wa miaka 8, Mumbua.

Wanakutana kwa sababu matatu huibiwa vioo vya pembeni, na Grogan ndiko mwenye kioo huenda kununua kingine, pengine kilekile alichoibiwa jana. Utani huo kila mkazi wa Nairobi anaujua, hatuna haja ya kuueleza. Onyesho la kwanza la msimu linafunguka Nafula akikigeuza kioo alichouziwa na kukuta mgongoni stika ya sacco yake mwenyewe. Anamtazama Kioko. Kioko anatazama stika. Anapunguza mia tatu bila kuambiwa.

Mwenzetu aliyetoka kwenye michezo ya redio anasema hapo tayari kuna ndoa. Nadhani yuko sahihi, ila tuna sehemu nyingine 12 za kujaza.

Ijumaa, 14 Februari

Mji umevaa nyekundu. Chini ya dirisha letu hapa Ngara, bei ya waridi moja imekuwa ikipanda tangu asubuhi, na sisi tumefungiwa ndani tukitafuta sababu ya watu wawili kutooana.

Mhariri wa hadithi alikuja na swali moja tu: "Ni nini kinawazuia wasioane kesho?" Tukamjibu: mama yake Kioko. Tukamjibu: ukabila, Mkamba na Mbukusu. Tukamjibu: mpenzi wa zamani anarudi. Kila jibu alilifuta ubaoni kwa kiganja. "Hao wote wamesimama nje ya mlango," akasema. "Nipeni aliye ndani."

Hilo ndilo lililotuchukua siku nzima, na sasa naona ndilo mradi wenyewe. Kikwazo kinachotoka nje huwafanya wapenzi kuwa upande mmoja, wanashikana mikono wanapigana na dunia. Hapo mapenzi hayabadiliki, yanasubiri tu. Mtazamaji anayatazama mapigano, hawatazami wao. Kikwazo kilicho ndani ya tabia ya mmoja, kinachogongana na tabia ya mwingine, hicho hakiondoki kwa kumfukuza mtu jijini.

Kwa hiyo tumewachimba wote wawili hadi tulipokuta mwamba.

Nafula aliishi na mwanamume anayeitwa Baraka kule Umoja, ndoa ya njoo tuishi, miaka sita. Walinunua ploti Joska, njia ya Kangundo, pesa nusu kwa nusu, hati ikaandikwa jina la Baraka kwa kuwa siku ya kutia sahihi yeye Nafula alikuwa kazini. Walipoachana alitoka na godoro, televisheni na somo. Tangu hapo anaandika. Ana kaunta buku la sacco na ana lingine lake, dogo, ambamo kila kikombe cha chai kimetajwa: nani alinunua, tarehe gani. Hafanyi hivyo kwa uchoyo, maana anarudisha hadi shilingi ya mwisho. Hataki tu mtu aje kumwambia siku moja kwamba hakuchangia.

Kioko haandiki chochote, na anadaiwa. Alimwoa Mwende, mtoto wa Mwala, kwa mapenzi na haraka. Mbuzi wa ntheo, wale ambao kwa mila ya Wakamba hupelekwa kwa wakwe ili binti ahesabiwe ameolewa, hawakupelekwa. Kila mwaka ilikuwa mwaka ujao: mara karo, mara kodi ya kibanda, mara mzigo wa vipuri umekwama. Kisha Mwende akaugua akafa, na wazazi wake wakasema mtoto ambaye hajatolewa ntheo ni mtoto wao bado. Wakamzika kwao. Wakamwachia Kioko mjukuu wao bila ugomvi, jambo linalomuumiza zaidi kuliko kama wangegombana. Nyumbani kwake Kathiani hakuna kaburi. Akitaka kumtembelea mkewe, anabisha kwa wakwe, anangoja kukaribishwa, anakunywa chai, ndipo anaonyeshwa njia ya shambani.

Na moyoni mwake hesabu ni hii: ambaye hajamalizana na wa kwanza hana mdomo wa kumwomba wa pili.

Mmoja anaandika kila kitu, mwingine ana deni asilothubutu kulitamka. Mhariri hakufuta. Tumejiwekea sheria moja kwa msimu mzima: onyesho lolote la wawili hawa lazima liishe deni likiwa limehama. Si lazima liwe la pesa. Mmoja ajue jambo ambalo mwenzake hajui kwamba amelijua, mmoja asaidiwe bila kuomba, mmoja anyamaze kwa faida ya mwingine. Kama onyesho limeisha na hesabu iko palepale, tunalikata hata likiwa na mzaha mzuri namna gani.

Alhamisi, 27 Februari

Wiki ya kuuliza watu. Wakili mmoja alitupa saa yake ya chakula cha mchana, na mzee mmoja wa Machakos alitupa alasiri nzima pamoja na maoni juu ya viatu vyetu.

Kwa wakili: Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano, ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kwa ile ya kimila, mahali ambapo mahari huhitajika kuwa ushahidi, sheria inasema kiasi kidogo tu cha kuonyesha nia kinatosha. Mzee tulipomsomea hilo alicheka hadi akatoa miwani. Akasema serikali haijawahi kuketi na wakwe.

Hapo ndipo nilipoona mpasuko wa Kioko ulipo. Mbele ya sheria pengine Mwende alikuwa mkewe, kwa kuwa kulikuwa na magunia ya mahindi na blanketi za mwanzo. Mbele ya wakwe hakuwa. Kioko angeweza kwenda kuwaonyesha kifungu. Hawezi, kwa sababu naye anaamini kama wao. Mhusika akishakuwa na haki asiyoweza kuitumia, mwandishi hana haja ya kumtafutia adui.

Mezani ikazuka hadithi ya S. M. Otieno, kama inavyozuka kila panapotajwa mazishi. Wakili wa Nairobi, ndoa ya kiserikali na Wambui mwaka 1963, na bado mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo wake wa Umira Kager haki ya kumzika Nyalgunga, Siaya, huku Wambui akitaka azikwe shambani mwao Upper Matasia. Kijana wetu, mdogo kuliko wote mezani, hakuwa amezaliwa wakati huo, lakini kesi anaijua kwa kusimuliwa na nyanyake. Mimi kilichonivutia ni kilichofuata baadaye: mwaka 2003 Wambui huyohuyo aliolewa na Peter Mbugua, fundi wa mawe aliyekuwa kijana mno kwake, na nchi ikasimama tena kumtazama. Kuna wanawake ambao wangeweza kubeba msimu mzima peke yao na hakuna mtayarishaji angekubali kwamba si chumvi.

Kwa Nafula tumepata kitu cha kutumia moja kwa moja. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya watu wawili walioishi pamoja miaka mingi: ikasema kukaa pamoja hakuwafanyi mume na mke hivi hivi, lakini ikakubali kwamba waliochangia mali wagawane kulingana na mchango, mmoja akapata asilimia 70 na mwingine 30. Kwa maana nyingine, kaunta buku la Nafula si wazimu. Risiti zake za Joska zina thamani. Hilo linaingia sehemu ya 8, na litasemwa na makanga aliyelisikia redioni ndani ya gari, nusu sahihi nusu kosa, huku akihesabu sarafu. Onyesho la wakili aliyeketi nyuma ya meza akieleza sheria kwa dakika mbili nimelipinga na nitaendelea kulipinga.

Jumanne, 11 Machi

Kavata amefika, na amebadilisha kila kitu.

Alianza kama mtu wa kupitisha maneno. Ni mdogo wake Mwende, anakaa na Kioko kibandani, anamsaidia na mtoto jioni. Tulimhitaji ili pawepo na wa kuongea na Kioko nyumbani. Lakini kibanda kilifunguliwa kwa pesa za chama cha Mwende, jina lake liko juu ya mlango, na simu inayopokea ujumbe wa malipo ni ya Kavata. Kwa hiyo kila shilingi inayoingia kwa Kioko inapita kwanza machoni pa shemeji yake. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ndivyo mambo yalivyobaki baada ya msiba, kisha yakazoeleka.

Onyesho hili la sehemu ya 2 limepita leo:

KIBANDA CHA KIOKO. MCHANA.

NAFULA: Elfu mbili mia tano. Namba ya tili?

Kioko anagonga kibao chenye namba ya malipo kwa kifundo cha kidole. Nafula anabonyeza simu. Tunangoja. Simu inalia, si ya Kioko. Nyuma ya rafu ya taa za nyuma, Kavata anatazama kiganjani.

KAVATA: Imeingia, shem.

NAFULA: (akisoma simu yake) Mwende Autospares. Mwende ndiye wewe, dadangu?

KAVATA: Mimi naitwa Kavata.

Kioko anakifunga kioo kwa gazeti. Anaongeza karatasi ya pili. Ya tatu.

KIOKO: Nikuandikie risiti, madam?

NAFULA: Niandikie.

Kioko anatafuta kalamu. Hakuna kalamu kibandani.

Mwenzangu wa redio alikuwa ameandika kurasa tatu ambamo Nafula anauliza Mwende ni nani na Kioko anajibu, na ugonjwa, na mazishi, na machozi. Kurasa nzuri. Zimehamia sehemu ya 6. Hapa tunachohitaji ni kuhama kwa deni: Nafula ameondoka na jina asilopewa. Kavata ameondoka na jina na namba ya mwanamke ambaye shemeji yake alimpunguzia bei. Kioko ndiye pekee anayedhani hakuna lililotokea.

Swali ambalo kituo kitaliuliza, najua: je, Kavata anampenda Kioko? Mtazamaji atalifikiria hilo kufikia tangazo la kwanza, na mama yake Kavata kule Mwala tayari analifikiria, angependa nyumba ya binti yake isitoke mikononi mwao. Jibu letu ni hapana, na tunaliweka hadi sehemu ya 5. Kavata hamtaki Kioko. Anachotaka ni dada yake asifutwe. Siku kibao kitakapobadilishwa jina, Mwende atakuwa amekufa mara ya pili, na yeye ndiye atakayekuwa amesimama hapo akishuhudia. Mpinzani wa namna hii namheshimu. Ana haki karibu katika kila sentensi anayotamka, na bado anazuia njia.

Jumatatu, 17 Machi

Mumbua tumempunguzia mistari. Watoto wa tamthilia husema maneno ya busara mno, na wa miaka 8 tunaowajua wanataka kujua tu kama kuna chapo. Kazi yake kwa Nafula itakuwa ni kumletea kazi ya shule ya kuhakikiwa, kwa kuwa "babangu akiandika haisomeki." Mwisho wa sehemu ya 4 Nafula anatia sahihi kwenye daftari la shule, mahali palipoandikwa mzazi au mlezi. Anaitia, anaitazama, anafunga daftari haraka. Hakuna anayesema kitu. Deni limehama.

Jumatano, 26 Machi

Usaili. Tuliwasomesha wawili wawili, kila jozi onyesho la tili.

Nimejifunza kuogopa waigizaji wanaopendana upesi. Jozi moja ilikuwa nzuri ya kutazama, macho kwa macho tangu mstari wa kwanza, sauti zimeshuka, na kufikia risiti hapakuwa na pa kwenda. Watu waliokwisha kufika hawana safari. Mwelekezi aliwashukuru kwa heshima zote.

Aliyepata nafasi ya Kioko ni mtu wa jukwaani, amecheza sana pale ukumbi wa taifa, na alikuja na kitambaa chake mwenyewe cha kufutia. Alifuta kioo onyesho zima. Alimjibu mwanamke bila kuinua uso, mpaka Nafula alipotaja bei. Hapo akainua, mara moja tu, akashuka tena. Chumba chote kiliinama mbele. Bei ilikuwa ileile aliyomwambia yeye. Alichoshangaa ni kwamba mtu amelipa bila kuomba apunguziwe.

Na aliyepata Nafula alitupa zawadi ambayo hatukuiandika. Kalamu ilipokosekana, alichomoa yake iliyochomekwa kwenye nywele, akavuta kitabu cha risiti upande wake, akajiandikia mwenyewe, akakigeuza kumwonyesha Kioko mahali pa sahihi. Yote bila neno. Tumeirudisha kwenye mswada usiku huohuo. Tena imetupa njia: sehemu ya 6 ataisahau kalamu hiyo kibandani, au atasema amesahau.

Jumatano, 9 Aprili

Maoni ya kituo kuhusu sehemu 6 za kwanza. Kurasa nne. Nayafupisha.

Wanampenda Kavata. Wanataka mama yake Kioko awe mkali zaidi. Wanauliza busu liko wapi. Wanauliza ni lini hasa mmoja wao atasema anampenda mwenzake.

Kuhusu mama: hapana, na nimeandika sababu kwa adabu. Mama mkwe mkali ni kazi rahisi kwa kila mtu, mwandishi, mwigizaji na mtazamaji. Wetu tumempa jambo gumu zaidi: anampenda Nafula tangu siku ya kwanza, anamwita "mwanangu," anampakia parachichi za kurudi nazo mjini, na anaogopa. Alishindwa kumsaidia mwanawe kupeleka mbuzi mara ya kwanza. Anajua mwanamke mzuri akiletwa tena bila utaratibu, aibu itakuwa yake pia. Kwa hiyo kila akimkaribisha Nafula jikoni anamkaribisha mara moja zaidi kuliko inavyopasa. Mwigizaji mkongwe atakayemcheza aliposoma hilo alisema kwa miaka mingi amelipwa kupiga kelele, sasa atalipwa kunyamaza.

Kuhusu busu: tuko saa moja unusu. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinalinda watoto kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na tunalenga alama ya watoto kutazama pamoja na wazazi. Busu moja la heshima halingetufungia. Lakini nimewaambia wenzangu nafurahi kwamba tunabanwa. Ukinyimwa kitanda unalazimika kuandika meza. Sehemu ya 7 mvua inawakuta Grogan, maji yamejaa barabarani, kibanda kimefungwa na wako ndani. Nafula ameloa. Kioko anamtafutia cha kukalia, anakuta kiti cha mbele cha gari kilichong'olewa, anakipangusa, anakiwekea gazeti, anaona halifai, anavua koti la kazi analitandika. Kisha yeye anakaa juu ya gurudumu, mbali kadiri kibanda kinavyoruhusu, hatua mbili. Wanaongea kuhusu gia boksi. Mhariri aliposoma alisema onyesho hilo lingefaa kupewa alama ya 18.

Kuhusu "nakupenda": sehemu ya 9. Neno lenyewe halimo. Kioko anakwenda dukani kununua kaunta buku. Usiku, Mumbua amelala, anaandika kwa mwandiko wake usiosomeka kila anachodaiwa na watu wa Mwala. Ukurasa mzima. Kesho yake anampa Nafula bila maelezo. Nafula anasoma wima, katikati ya ofisi ya sacco, makanga wakipiga kelele dirishani. Anasoma hadi chini. Anachukua kalamu, anasahihisha jumla, kisha anauliza:

"Mbuzi wa ntheo hapa hujaandika. Ni wangapi?"

Kituo kimejibu kwamba mtazamaji hataelewa. Mtayarishaji, mwenye subira kutuzidi sote, amewaomba wamsomee onyesho hilo mlinzi wa langoni kwao. Walimsomea. Suala limefungwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Pasaka imepita, tumeingia barabarani. Leseni ya kupiga picha tunayo, lakini leseni hainyamazishi Kirinyaga Road. Nyundo, honi, mikokoteni, mtu anayeuza dawa ya panya kwa kipaza sauti. Fundi wa sauti alikaa chini ya meza ya kibanda akiwa amefumba macho. Ilibidi tumkodi mwenye kipaza sauti chenyewe kwa siku nzima, na sasa anatokea nyuma ya onyesho la tili akiwa mnunuzi. Ana kipaji kuliko baadhi yetu.

Mvua ilitupa tulichokusudia kukinunua kwa gari la maji. Onyesho la kiti tulilipiga likinyesha kweli, bati likinguruma hivi kwamba hatukusikia mistari ya gia boksi. Mwelekezi hakukata. Waigizaji waliona hawasikiki, wakaanza kuongea karibu, kisha wakaona wako karibu mno, wakarudi nyuma. Ile kurudi nyuma haimo kwenye mswada. Mazungumzo tutayarekodi upya ndani, kurudi nyuma kutabaki kama kulivyo.

Jambo moja la kurekebisha: wenye vibanda jirani wametuambia Kioko ni mpole kupita kiasi kwa wateja. Hakuna muuzaji wa Grogan anayepunguza mia tatu bila vita. Nimewajibu kwamba ndiyo maana ya onyesho. Hata hivyo tumemwongezea mteja mmoja kabla ya Nafula, mwanamume, ambaye Kioko anamkatalia hamsini. Ni sekunde 15 na sasa ile mia tatu ina uzito.

Jumanne, 6 Mei

Sehemu ya 10 hadi 12 zimekubaliwa. Tumebishana sana juu ya 13.

Nafula amepata sehemu yake ya Joska, kwa makubaliano na Baraka, bila kufika mahakamani. Ana pesa mkononi. Kioko ana nusu ya anachodaiwa. Kila aliyesikia hadithi yetu njiani, kuanzia dereva wa gari la vifaa hadi mpishi, anataka Nafula alipe zilizobaki, harusi ifanyike, watu wale. Kijana wetu naye alikuwa upande huo, na hoja yake ilikuwa nzito: mwanamke huyu ameandika madeni msimu mzima, mwache afute moja.

Nimesimama upande wa pili, na mwishoni mhariri akaja kwangu. Nafula akilipia ntheo ya Mwende, amemnunua Kioko kutoka kwa marehemu, na Kioko atakuwa amehamisha tu mdai. Kavata asingemsamehe yeyote kati yao, wala mimi. Sasa inakuwa hivi: Kioko anauza mzigo wake wa injini, analipa mwenyewe, anachelewa mwaka mmoja tunaouruka kwa skrini nyeusi ya sekunde mbili. Siku ya kupeleka mbuzi Nafula anamsindikiza hadi stendi ya Mwala na hapo anabaki, maana si mahali pake kuingia boma hilo siku hiyo. Ananunua chai. Anaitia kwenye kitabu. Kavata ndiye anayetoka bomani kumfuata, na tunamaliza akiwa bado anatembea kuja, hajafika, hajasema lolote. Kama kituo kitataka msimu wa pili, atafika.

Kibao cha kibanda hakibadiliki. Nafula ndiye anayekipaka rangi upya, jina lilelile.

Kilichobaki ni mbuzi. Mwenye mbuzi kule Mwala anataka alipwe wote kabla hatujapiga picha hata moja, pesa taslimu, kwa sababu watu wa sinema waliwahi kumpitia. Mtayarishaji ameuliza kama tunaweza kupunguza mmoja, kamera iwazungukie waonekane wengi. Nimempigia simu mzee wetu wa Machakos. Amekataa.